Hivi mchambuzi anayekaa pembeni ya mtangazaji wakati mpira unachezwa, kazi yake ni ipi siku hizi?

Mzee_wa_Kona

Wakuu salaam. Naomba tujadili hili bila povu la Usimba na Uyanga, najua haiwezekani ila tujaribu.

Mimi mechi nyingi naangalizia banda umiza hapa mtaani, na siku hizi sauti inanichosha kuliko mpira wenyewe. Zamani mtangazaji alikuwa mmoja, anakwambia nani ana mpira na unaelekea goli la upande gani, basi. Sasa hivi wapo wawili, mara watatu, kabla ya mechi kuna studio ya watu wanne, mapumziko wanarudi, mechi ikiisha wanarudi tena, kesho asubuhi ukiwasha redio unawakuta walewale wanabishana kuhusu penati ileile ambayo jana usiku tushaiona marudio mara kumi.

Sio kwamba nachukia uchambuzi jamani. Nachukia uchambuzi usionipa kitu. Juzi kati naangalia mechi, beki wa kushoto wa timu moja kila wakipata mpira anaacha pembeni anaingia kati kabisa anasimama karibu na kiungo mkabaji, banda zima tunaulizana huyu jamaa kapotea njia au kaambiwa na kocha? Nikasema ngoja nimsikilize mtaalamu. Mtaalamu akasema "naam, hii ndiyo raha ya mpira wa miguu, ukifanya makosa unaadhibiwa." Halafu akanyamaza. Hakuna kosa lolote lilikuwa limefanyika, na hakuna aliyeadhibiwa.

Sitaji jina wala stesheni maana tatizo sio la mtu mmoja. Swali langu: hawa watu waliwekwa pale wafanye nini? Na je kazi yenyewe imebadilika au ni mimi nimezeeka?

Jembe_la_Msimbazi

Mkuu ungesema tu ulifungwa ukakosa wa kumlaumu 😂😂 Nyie Utopolo wa Yanga mkipigwa mnaanza na refa, mkimaliza refa mnahamia kwa mchambuzi. Haya nipo hapa nasoma komenti.

Kijana_wa_Zamani

Mzee wa Kona hujazeeka, swali lako ni la msingi, ila tuanzie mbali kidogo.

Sisi Bara hatukuwa na tivii mpaka miaka ya 90 katikati. Mpira ulikuwa redio. Mtangazaji wa RTD, redio ya taifa, ndiye alikuwa macho yako, hakuna muda wa kuchambua, akinyamaza sekunde tano wewe unadhani betri zimeisha. Ndio maana wale wazee kina marehemu Charles Hillary walikuwa na ule mdomo wa kupeleka mpira kwa kasi, jina, eneo, jina, eneo, na ukimsikiliza unauona uwanja wote kichwani. Tivii ilipokuja tukahamisha utangazaji uleule wa redio tukaubandika juu ya picha. Kwa hiyo mtu anakwambia "anatoa pasi kulia" na wewe umeshaiona imetoka. Hapo ndipo ilipotakiwa sauti ya pili, ya mtu anayekwambia KWANINI pasi imekwenda kulia.

Waingereza walipita njia hiyo kabla yetu. Kombe la Dunia la 1970 kule Mexico, ITV ya Uingereza waliweka jopo la wachezaji na makocha studio, Malcolm Allison, Derek Dougan, Paddy Crerand na Bob McNab, wakaambiwa waongee wanavyojisikia. Wakawa wanabishana, wanatukana wachezaji wa nchi nyingine, sigara kubwa mdomoni, watu wakapenda kuliko ile BBC ya kistaarabu. Aliyekuwa nyuma ya ule mpango ni Jimmy Hill, yuleyule aliyeongoza chama cha wachezaji mpaka ukomo wa mshahara wa pauni 20 kwa wiki ukafutwa 1961. Kwa hiyo msije mkadhani kelele za studio ni ugonjwa wa TikTok, zilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Kilichofuata ni zama za mchezaji mstaafu mwenye heshima. Alan Hansen wa Match of the Day, kile kipindi cha mpira cha BBC, ndo mfano wake. Anaonyesha beki kasimama vibaya, anachora duara, anakunja uso. Na ndiye aliyesema Agosti 1995, Man United wamepigwa 3-1 na Aston Villa, kwamba huwezi kushinda kitu ukiwa na watoto. Mei wale watoto wakabeba ligi na FA. Leo mchambuzi akikosea hivyo angekuwa meme mpaka anaingia kaburini, Hansen aliendelea na kazi mpaka 2014 tena akiheshimika.

Halafu 1992 Sky, tivii ya kulipia ya Uingereza, wakaja na Andy Gray, huyu ndiye kwa maoni yangu alibadilisha mchezo wote. Alikuwa anakaa na mtangazaji laivu, mechi ikiisha anaenda kwenye mashine anasogeza wachezaji. Alipoondoka 2011 akaingia Gary Neville wa zamani wa Man United, miaka miwili baadaye Jamie Carragher wa zamani wa Liverpool, na kipindi chao cha Monday Night Football kikawa darasa. Skrini kubwa, wanasimamisha picha, wanakuonyesha mstari wa mabeki ulivyopinda. Nadhani hapo ndo sisi wote tukaanza kuona mchambuzi wetu wa nyumbani hatoshi, maana ushaonja pilau ya harusi huwezi kurudi kwenye kiporo bila kununa.

Ila na yeye Neville alipopewa kuifundisha Valencia ya Hispania Desemba 2015 alidumu mpaka Machi tu, katikati hapo Barcelona wakampiga 7-0 Copa del Rey. Kuuona mpira na kuufundisha ni kazi mbili, wanaosema "kama anajua si akafundishe" wanakosea vilevile kama wanaosema "hajacheza anajua nini."

Fundi_Kebo

Nimefanya kazi kwenye magari ya kurushia matangazo, ngoja niwape upande ambao hamuuoni.

Kwanza mjue mchambuzi wa laivu na mchambuzi wa studio ni kazi tofauti kabisa, japo siku hizi anapewa mtu huyohuyo kwa bei moja. Wa studio ana dakika nzima, ana klipu zilizokatwa, amekunywa maji. Wa laivu ana sekunde nane mpaka kumi, kuanzia mpira utoke nje mpaka urushwe. Sikioni ana sauti ya mwongozaji anasema "marudio, kamera ya nyuma ya goli, tatu mbili moja," mbele kuna monita, kushoto mtangazaji mwenzake anampa ishara ya mkono kwamba nyamaza kona inapigwa. Kanuni ya kazi inajulikana: mpira ukiwa hai ni wa mtangazaji, mpira ukifa na marudio yakianza ni wa mchambuzi. Anayeijua vizuri utaona haongei juu ya goli. Anaacha uwanja upige kelele, mtangazaji aseme jina, halafu marudio ya kwanza ndo anaingia na jambo MOJA. Anayeongea mambo matatu hajajiandaa, anatafuta la kusema akiwa anasema.

Pili, na hili ndilo kubwa, mechi nyingi za Ulaya mnazosikia kwa Kiswahili mtangazaji na mchambuzi hawapo uwanjani. Wapo kwenye chumba kidogo, hedifoni, skrini ukutani, wanaona picha ileile unayoiona wewe hapo banda umiza. Kamera ikifuata mpira upande wa kulia, na wao hawamuoni yule beki wako wa kushoto aliyeingia kati, Mzee wa Kona. Umemuona sekunde mbili, na wao wamemuona sekunde mbili. Mchambuzi aliyeko uwanjani yuko juu anaona watu wote 22, anaweza kukwambia "mtazame namba sita anavyoshuka kati ya mabeki" kabla mpira haujafika huko. Wa chumbani anasubiri fidi ya picha. Ndo maana anajificha kwenye sentensi zisizo na mwenyewe kama "raha ya mpira."

Namtetea lakini simsafishi. Aliyejiandaa hata akiwa chumbani utamjua. Ameangalia mechi mbili za nyuma za timu hiyo, ameandika kwenye karatasi beki wa kushoto anaingia kati, winga anabaki kwenye mstari wa pembeni, chaki mguuni. Wengi wanakuja na karatasi ya takwimu walizoprinti dakika ishirini kabla, na wanazisoma mpaka ziishe.

Otis_wa_Kayole

Wasee wa Bongo salimieni. Hii maneno iko hata huku Nairobi, msifikirie ni nyinyi peke yenu.

Sisi tulilelewa na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, huyo mzee tulimpoteza Februari 2025 na hakuwa anahitaji mtu wa kumsaidia kwa maiki. Lakini hiyo ilikuwa redio vile huyo jamaa amesema hapo juu. Sasa chukua CHAN ya Agosti 2025, Harambee Stars na Morocco pale Kasarani. Tuko mbele 1-0, goli la Ryan Ogam, kabla ya haftaimu Erambo anapewa red baada ya VAR. Kipindi cha pili chote tunacheza watu kumi na Morocco hawapati kitu. Hiyo ndio ilikuwa saa ya analisti kutuambia kocha McCarthy amepanga hao kumi aje, nani ameshuka, nani ameachwa mbele peke yake. Mahali nilikuwa naangalia nilisikia tu "vijana wana moyo, vijana wanapigania nchi." Ni kweli walikuwa na moyo, lakini moyo haufungi njia ya katikati kwa dakika arobaini na tano.

Na hapo kuna kitu kingine kinaniudhi. Tovuti ya RunRepeat pamoja na PFA, chama cha wachezaji cha Uingereza, walifanya utafiti 2020, wakasikiliza komentari ya mechi 80 za ligi kubwa za Ulaya, wakapata wachezaji weupe wanasifiwa akili na kujituma, weusi wanasifiwa nguvu na kasi. Sawa, hao ni wazungu. Lakini sikiza sisi wenyewe tukitangaza kwa Kiswahili, mchezaji wa Afrika Magharibi akigusa mpira ni "ana misuli, ana mapafu," Mhispania akipiga pasi ya mita tano ni "fundi, ana akili ya mpira." Tumemeza yote na hatukutafuna.

Jembe_la_Msimbazi

Otis hapo umenigusa aisee. Hata kwenye ligi yetu, kiungo mgeni akipiga chenga "ameiva huyu", mzawa akipiga chenga ileile "anacheza na mpira sana."

BintiChumbageni

Naona wote mnaongea kama vile kazi hii imebadilika kwenye kuchora duara tu. Kubwa lililobadilika ni NANI anaruhusiwa kukaa pale.

Huyo Andy Gray mnayemsifia, Kijana wa Zamani umepita haraka kweli pale uliposema "alipoondoka 2011". Aliondokaje? Yeye na mtangazaji mwenzake Richard Keys walinaswa maiki zikiwa wazi kabla ya mechi ya Wolves na Liverpool wakimkejeli mshika kibendera Sian Massey kwamba wanawake hawajui sheria ya kuotea. Mechi yenyewe Massey akaliruhusu goli la Liverpool ambalo kwa macho lilionekana la kuotea, marudio yakaonyesha yuko sahihi. Gray akafukuzwa, Keys akajiuzulu, wote wakahamia Doha wakaendelea na kazi. Jacqui Oatley alipokuwa mwanamke wa kwanza kutangaza mechi Match of the Day 2007 kulikuwa na kelele magazetini kabla hata hajafungua mdomo. Kuanzia msimu wa 2025/26 kipindi hichohicho kina waongozaji watatu na wawili ni wanawake, Gabby Logan na Kelly Cates, na dunia haijaisha.

Euro 2020 ITV walimuweka Emma Hayes, akiwa kocha wa Chelsea wanawake, na nenda katafute klipu zake uone. Anakwambia timu itabadilisha nini kabla haijabadilisha. Hakuwa anapandisha sauti wala kupiga meza. Hapo ndo nikaelewa kwamba anayefaa sio lazima awe aliyecheza zaidi, ni anayeangalia mpira kila siku kwa sababu ni kazi yake ya mchana.

Huku kwetu mwanamke bado anapewa kusoma ratiba na matokeo, au kuuliza "kocha mechi ilikuwaje?" pembeni ya uwanja. Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, ina wachezaji wastaafu wenye uelewa mzuri tu. Mechi ya wanaume mmemsikia nani kati yao akikaa na mtangazaji dakika tisini? Nasubiri majina.

Mshika_Kibendera

Mimi nitakuwa wa upande wa pili, mnisamehe. Mnataka mchambuzi awe mwalimu, watu wengi hawataki darasa. Wanataka kijiwe.

Machi 2023 BBC walimsimamisha Gary Lineker, mwongozaji wa Match of the Day, kwa tweet kuhusu sera ya wakimbizi, wachambuzi kina Ian Wright na Alan Shearer wakagoma kwa kumuunga mkono, watangazaji nao wakagoma. Match of the Day ikaenda hewani dakika ishirini hivi, magoli matupu, hakuna studio, hakuna hata sauti ya mtangazaji. Watazamaji walizidi wa wiki iliyotangulia! Wengine wakasema umeona, hawahitajiki. Mimi nasema watu waliingia kuchungulia msiba, wangerudia wiki nne mfululizo ungeona wanavyokimbia. Mpira bila mtu wa kubishana naye ni nusu mpira.

Na pesa imehama. Neville ana The Overlap yake YouTube, Lineker na Shearer na Micah Richards wana podikasti yao, Lineker ameshaondoka BBC Mei 2025. Mtu haendi tena tivii ili awe mchambuzi, anaenda tivii ili watu wamjue halafu wamfuate kwenye chaneli yake. Sasa ukiwa na hesabu hiyo utaongea nini laivu? Utaongea kile kinachokatwa kikawa klipu ya sekunde thelathini. Namna beki anavyoingia kati hakikatiki klipu. "Huyu kipa hana hadhi ya kuvaa hii jezi" kinakatika.

Kwetu hapa ni zaidi, maana mchambuzi ana mlango mwingine wa kutokea, ofisi ya habari ya klabu. 2022 Ahmed Ally alitoka Azam TV akawa msemaji wa Simba, mwaka huohuo Ali Kamwe aliyekuwa mchambuzi akawa msemaji wa Yanga. Sina ubaya nao, ni watu wanaojua kuongea na wamepata kazi nzuri, na wanaifanya vizuri tu. Ila kijana anayeanza uchambuzi leo anaiona ile njia. Ukijua kesho unaweza kuomba kazi Jangwani au Msimbazi, leo utasema kocha wao kakosea kupanga kikosi? Utasema "benchi la ufundi lina mipango yake." Ndo hapo mnapata uchawa mnaoulalamikia, hata kama hakuna aliyelipwa shilingi.

Kijana_wa_Zamani

BintiChumbageni umenibana kihalali, nilitaka kufupisha. Majina sina.

Mshika Kibendera sikubaliani na wewe kuhusu klipu. Carragher na Neville wanakatwa klipu kila Jumatatu, na zinazosambaa ni zote mbili, za kugombana na za kuchora mistari. Thierry Henry kumshika Carragher goti aliposikia kocha Rodgers kafukuzwa Liverpool 2015 ni klipu mpaka leo, sawa, lakini na ile ya Henry anaeleza Guardiola alivyokuwa anawapangia eneo la kukaa pale Barcelona nayo watu wameiangalia mpaka basi. Watu wanapenda darasa kama mwalimu anajua anachosema na halisomwi kwenye karatasi.

Mzee_wa_Kona

Asanteni wakuu, nimepata zaidi ya nilichotafuta. Fundi Kebo nina swali moja. Hiyo ya chumbani nimeielewa, nitamsamehe anayetangaza Bundesliga akiwa Dar. Lakini ligi yetu je? Azam walisaini na TFF 2021 mkataba wa miaka kumi wa bilioni 225.6, magari yapo, kamera zipo, na watu wako uwanjani pale pale. Mbona bado nasikia "ukifanya makosa unaadhibiwa"?

Fundi_Kebo

Mzee hapo hana pa kujificha. Kwenye mechi ya ligi yuko juu ya uwanja anaona wote 22, akitaka anaweza kumuomba mwongozaji kupitia kitufe cha maiki, "naomba marudio ya yule beki wa kushoto, sio ya goli." Mwongozaji mzuri anafurahi kuombwa, maana na yeye anatafuta cha kuonyesha mpira ukisimama. Nimekaa kwenye gari mechi nzima bila kusikia ombi hata moja. Nimekaa na mmoja pia, mchezaji wa zamani wa miaka ya 90, hana jina mitandaoni, aliyekuwa anaomba kila dakika kumi mpaka jamaa wa marudio wakamkimbia. Mechi yake ukiisikiliza unatoka umejifunza. Hakuitwa tena msimu uliofuata, walisema haleti mzuka.

Jembe_la_Msimbazi

Mtafuteni huyo mzee afungue YouTube, mimi nalipia bando.